Ti ya Mbeya, Si ya Iringa

Ngojeni niwaambie, maana nikinyamaza nitapasuka. Nyinyi vijana mkinikuta barazani kwangu hapa Soweto ya Mbeya, kichwa nimeinamisha na macho nimefumba, mnapita mkinong'ona, "Fundi Gwakisa kalala." Sijalala! Nasikiliza. Kwenye redio yangu kuna opera inaimbwa, jamaa kachomwa kisu cha tumbo, na badala ya kupiga yowe watu waje, anaimba mpaka chai yangu inapoa. Nami hapo nahangaika: huyu ni tenori au baritoni? Anayemjibu ni msichana kweli, au ni kijana anayeigizwa na mwanamke? Na ile sauti ya puani nyuma yao ni filimbi au ni zumari? Nikilipata jibu naruka peke yangu, na mke wangu ameshazoea, zamani alidhani nimeumwa na siafu.

Kazi yangu maisha yote ilikuwa vinanda. Si kuvipiga, kuvitengeneza. Vinanda vya kukanyaga vya makanisani, piano za shule, piano za wazungu wa mashamba ya chai kule Mufindi. Kati ya Mbeya na Iringa sidhani kuna kinanda ambacho sijawahi kukipigia magoti, na mkumbuke fundi vinanda hupiga magoti kuliko mchungaji. Sasa nimestaafu. Vidole vimekakamaa, magoti yananidai, ila masikio yangu, namshukuru Mungu, bado ni ya kijana.

Aliyenifundisha ni Mzee Mlowe, Mbena, seremala aliyegeuka fundi vinanda kwa sababu mmisionari mmoja alimletea kinanda, naye akakipokea akidhani ni kabati. Alikuwa mkali yule! Sauti moja ya piano mara nyingi ina nyuzi tatu, na zote tatu lazima ziseme neno lilelile. Zikitofautiana kidogo tu utasikia ugomvi wao: wau-wau-wau. Unakaza taratibu, ugomvi unapoa: waaau, waaaau. Unakaza kama unavyomfunika mtoto aliyelala, na ghafla kimya, sauti imenyooka. Siku ya kwanza nilipousikia ule ukimya nilipiga kelele kwa furaha, naye akanikata jicho. "Unashangilia nini? Umemaliza uzi mmoja. Zimebaki zaidi ya mia mbili."

Mzee Mlowe ndiye aliyenitia ugonjwa wa mafumbo. Alikuwa ananitoa nje, nasimama dirishani kwenye baridi ya Njombe, yeye ndani anabonyeza kibao kimoja na kuuliza, "Nyuzi ngapi zinagombana?" Nikikosea naenda kuchota maji. Nikipatia, anauliza jingine gumu zaidi, na nikikosea hilo naenda kuchota maji. Nimechota maji mengi. Ila baada ya muda nikawa nasubiri kwa hamu aniite dirishani, kama wengine wanavyosubiri mpira.

Sasa sikilizeni kisa cha Madibira, kwa kuwa kina faida kwa fundi yeyote, hata wa simu. Waliniita kuwa kinanda cha kanisa kimeingiwa na pepo. Ukibonyeza sauti ya fa hakisemi kitu, ukiiacha kinakoroma chenyewe. Wazee walikuwa wameshakiombea, na mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Fundi, fungua wewe, sisi tutasimama mlangoni." Nikafungua. Panya! Panya wa Madibira, wanene, wamehamisha mpunga shambani wakaja kuujaza ndani ya kinanda, punje zimekaa juu ya ndimi za shaba, na chini kwenye mivukuto inayosukuma hewa kuna kiota kina watoto. Nilitoa mpunga wa kujaza debe. Mzee wa kanisa akauangalia kwa makini, akasema, "Hii tuiandike sadaka." Basi wajukuu, kabla hujamsingizia shetani, fungua mfuniko kwanza.

Na mkitengeneza mivukuto msitumie mpira wa baiskeli. Wengi wanautumia, unashika vizuri Novemba, ikifika baridi ya Juni hapa Mbeya unakuwa mgumu kama kibuyu na kuachia. Tumieni ngozi ya mbuzi iliyolainishwa. Haya, hilo nimewapa bure.

Turudi kwenye mafumbo. Hapa Mbeya tuko kikundi cha watu tunaopenda muziki huu wa kale wa Ulaya, tunakutana Jumamosi mchana, kila mtu na fumbo lake. Mkuu wetu ni Mama Sekela, jirani yangu hapa Soweto. Yeye ni mkunga mstaafu. Nusu ya wanaume mnaowaona stendi wakijidai wababe, yeye ndiye aliyewapiga kofi la kwanza la matako. Piano alijifunza kwa wamisionari akiwa msichana wa chuo cha uuguzi, na hakuwahi kuwa nayo yake. Amepiga za kanisa, za shule, za watu. Akikaa kwenye piano yule mama mabega yanashuka, uso unakuwa wa msichana, na mimi niliyezitengeneza piano maisha yote huwa najisikia kwamba hatimaye nimelipwa.

Kikundi chetu kina sheria moja: majina ya watunzi hayaulizwi. Nyinyi mnaniambia, "Babu, si unaishikisha tu simu inasikiliza, inakupa jina!" Najua. Simu itakuambia jina, haitakuambia kwa nini nywele zimekusimama. Jina mtu anaweza kulikariri bila kuusikia muziki. Sisi tunauliza kile ambacho sikio linaweza kushika. Kwa mfano, kuna ala inaitwa pembe ya Kiingereza, lakini si pembe wala haikutoka Uingereza. Ni nini? Au hili: okestra nzima inaweka sauti zake sawa kabla ya kuanza, watu wengi kuliko harusi, je, nani anawapa sauti ya kuanzia?

Kwa hilo la mwisho ndipo tulipompata Bwana Salum. Ana duka la redio na vipuri sokoni, wazee wake walitoka pwani zamani, naye alianza biashara Iringa kabla ya kuhamia Mbeya. Nilikuwa dukani kwake nimeenda kununua waya, nabishana na Mama Sekela kwa simu kuhusu nani anayetoa sauti ya kwanza, mimi nikisema fidla. Bwana Salum akanyanyua kichwa. "Fidla? Fidla inakazwa na kulegezwa, itampaje mtu sauti? Anayetoa sauti ni yule asiyeweza kubadilisha ya kwake haraka. Ni zumari. Hata kwetu pwani ngoma inamfuata mpiga zumari." Alikuwa amepatia! Okestra huanzia sauti ya oboe, na oboe ya Ulaya na zumari ni ndugu wa ukoo mmoja, na ile pembe isiyo pembe ni kaka yao mkubwa. Nikamwambia, "Salum, funga duka, twende." Akanicheka, ila Jumamosi alikuja, kofia safi kichwani, na tangu siku hiyo hakosi.

Ubishi wetu mngeusikia! Siku moja fumbo lilikuwa hili: kwa nini katika opera msichana mwenye kifua kikuu anaimba kwa nguvu kuliko wote wenye afya jukwaani? Tulitoa majibu ya kisomi, mara mtunzi anaonyesha roho haifi, mara sauti ya juu inapenya zaidi. Mama Sekela akagonga meza. "Mnanichosha. Mgonjwa wa kifua hana pumzi hiyo. Huyo ana malaria, amekosewa vipimo." Tulicheka mpaka Bwana Salum akavua kofia.

Mchezo tunaoupenda zaidi tuliutunga wenyewe. Mnajua sauti za muziki zinaitwa do, re, mi, fa, so, la, na kuendelea. Mtu anabonyeza sauti ya do kwanza ili wote wajue nyumbani ni wapi, kisha anapiga sauti mbili tatu, na wewe unatafuta neno la Kiswahili. La na mi? Lami. Re na fa? Refa. So na fa unakalia, la na la ndiyo mnayonisingizia barazani. Hebu jaribuni, mtaona damu inavyochemka, kwa sababu lazima usikie na uwaze kwa pamoja. Mzungu hawezi kuucheza mchezo huu hata umpe piano ya dhahabu, maana lugha yake haina lami yenye la na mi.

Na Iringa nako walikuwapo wagonjwa wenzetu. Mkubwa wao ni Mzee Kihwele wa Kalenga, katekista mstaafu na mwalimu wa kwaya, Mhehe mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Nilimfahamu kwa kazi. Nilikwenda kumtengenezea kinanda cha kwaya, nimefika na vumbi la safari, badala ya kunikaribisha chai akasema, "Kamwene, fundi. Chai ipo. Ila kwanza niambie: tenori na soprano wanaimba sauti moja ileile, kwa nini ya tenori inasikika ya juu zaidi?" Nilijibu nikiwa nimeshika kikombe kitupu: kwa sababu kwa mwanaume huko ni darini, kwa mwanamke huko ni sebuleni tu. Akanimiminia chai, akaongeza na maandazi. Tangu hapo tumekuwa tukitumiana mafumbo. Zamani tulirekodi kaseti, tunampa kondakta wa basi aifikishe, jibu linarudi baada ya wiki. Siku hizi nabonyeza simu, fumbo liko Kalenga kabla sijakohoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Meneja mmoja wa mashamba ya chai alipokuwa anarudi kwao, aliniachia piano yake niliyokuwa naihudumia. Piano ya kusimama, ya mti mwekundu, sauti yake ya chini inaingia tumboni. Alinipa kwa sharti moja: isikae mahali bila kupigwa. Watu wa Mbeya wakasema ni yetu kwa kuwa fundi ni wetu. Watu wa Iringa wakasema imetoka Mufindi, Mufindi ni Iringa, ubishi wa nini? Nikaona wasije wakashikana mashati. Nikasema tutashindana mafumbo kila mwaka, atakayeshinda anakaa nayo mpaka mashindano yajayo. Kwa hiyo piano ile ikawa mwanamke wa waume wawili, inapanda lori kwenda, inapanda lori kurudi, na kila ikifika mimi niko chini yake na ufunguo wangu naituliza nyuzi.

Piano haikuumbwa kwa lori. Safari hii ilikuwa Kalenga, na nilipokwenda kuikagua kabla ya mashindano niliona ufa kwenye ubao wa sauti, ule wa nyuma unaovumisha nyuzi, umetembea kama mto wakati wa kiangazi. Nilikaa chini. Niliwaambia wote, Mbeya na Iringa, bila kuficha: itahimili safari moja tu, basi. Mbeya tukishinda itasafiri mara ya mwisho ije kwetu. Tukishindwa haitatoka Kalenga tena.

Mama Sekela naye alisikia hayo. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshakataa kazi, anatembea kwa gongo, na wanawe walikuwa wamemwambia hii ndiyo safari ya mwisho ya basi. Kinanda cha kanisani kwetu sasa ni cha umeme na wapigaji ni vijana. Maana yake mmeielewa? Tukishindwa siku ile, yule mama hatagusa tena piano ile maishani mwake. Alijua yeye, nilijua mimi, na Bwana Salum alijua, ndiyo maana tukiwa kwenye basi hakuna aliyelitaja.

Bwana Salum ndiye aliyekuwa muuliza maswali, kwa sababu si Mkatoliki wala si Mprotestanti, hana kwaya ya kupendelea. Aliapa kwamba yeye siku ile si mtu wa Mbeya, na mimi namwamini.

Ukumbi wa kwaya Kalenga ulijaa. Mbele walikaa mchungaji wetu na paroko wao, bega kwa bega. Mama Sekela tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye piano, akaifungua na kupiga kidogo tu, wimbo wa kubembeleza mtoto anaoujua tangu wodini. Mzee Kihwele alikuwa anapanga viti. Aliacha kiti mkononi, akasimama nacho mpaka mwisho.

Mashindano yakaanza, jamani! "Kijana huyu amevaa suruali, anamtongoza binti wa watu, lakini sauti yake haijavunjika. Nani anaimba?" Mama Sekela: "Mwanamke! Sauti ya katikati, ndiyo inayofaa kwa mvulana aliyebalehe jana." Pointi ya Mbeya. "Nani analipwa kukaa kwenye shimo chini ya jukwaa bila kuonekana?" Mzee Kihwele, taratibu: "Wapiga ala." Pointi ya Iringa. Mimi nilipatia la pembe isiyo pembe na nikapiga ngumi hewani, mzee mzima! Iringa wakajibu mawili mfululizo, mwenzao mmoja akilitoa jibu lake kwa kuimba, nasi tukasawazisha. Mchungaji wetu alisahau uchungaji akawa anapiga makofi kama yuko uwanja wa mpira. Mpaka swali la mwisho tukawa sawasawa. Nikavua sweta, na Kalenga ilikuwa na baridi ya kuvaa mawili.

Bwana Salum akakaa kwenye piano mwenyewe. "Hili nimelitunga kwa ule mchezo wa maneno," akasema, amejaa furaha. "Napiga maneno mawili. Niambieni ni maneno gani, na katika opera nani anaimba lipi. Anayenyoosha mkono wa kwanza anajibu wa kwanza." Akapiga do ya nyumbani. Kisha mi na mi. Kisha akaruka juu, sauti ya saba, mara mbili. Akaondoa mikono.

Mkono wa Mama Sekela ulikuwa juu kabla sijavuta pumzi. Kisha nikamwona anasita. Na mimi nikasikia alichosikia. Mi na mi ni "mimi". Lakini sauti ya saba sisi Mbeya tumefundishwa inaitwa ti. Ti na ti! Mbele ya mchungaji! Mbele ya paroko!

"Mama, jibu," Bwana Salum akasema.

Mama Sekela akasimama na gongo lake, akajinyoosha. "Neno la kwanza ni mimi. La pili ni titi."

Ukumbi ulilipuka. Mchungaji alifunika uso kwa kofia yake. Paroko mabega yakaanza kutetemeka. Bwana Salum alikohoa mpaka akalengwa na machozi. "Mama Sekela! Unasema... unasema nini?"

"Mnacheka nini?" akafoka. "Nimezalisha watu maisha yangu yote, nitaogopa titi? Mimi anaimba mama. Titi anaimba mtoto. Mtoto ndiye mwimbaji wa opera wa kwanza duniani: anapaza sauti, analia kwa muziki, na nyumba nzima inakimbia kumhudumia. Umeniuliza, nimekujibu!"

Watu walikuwa wanagonga viti. Mzee Kihwele peke yake hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akanyoosha mkono. "Mimi na sisi," akasema. "Mimi ni mwimbaji mmoja. Sisi ni kwaya."

Bwana Salum akashika kifua. "Hilo ndilo nililolitunga."

Sisi! Iringa wamelelewa na mapadre Waitaliano, na kwa Waitaliano sauti ya saba ni si. Salum naye do-re-mi alijifunzia hukohuko Iringa. Mimi nimezunguka makanisa yote mawili maisha yangu yote, nimesikia ti huku na si kule, na sikuwahi kukaa hata siku moja nikalifikiria. Iringa waliuiga mchezo ule kwetu, kila mji ukaucheza nyumbani kwake, na kwetu maneno ya sauti ya saba hayakuwahi kutokea; katika mashindano mchezo wenyewe haukuwahi kuingia.

Damu ilinipanda. Nilikwenda kwenye piano nikaibonyeza ile sauti. "Hii inaitwaje?" nikauliza ukumbi. "Si!" wakapiga kelele Iringa. "Ti!" wakajibu wetu, watu wasiozidi kiti kimoja kirefu. "Si!" "Ti!" Nikasema kwa hasira kwamba sheria yetu ni kinachosikika ndicho jibu, na Mama Sekela alichosikia amekisema wa kwanza. Jamaa mmoja wa Iringa akanijibu, "Fundi, aliyetunga swali kasema sisi, unataka nini tena, tukuimbie?" Nikamwambia mambo fulani kuhusu pombe yao ya ulanzi ambayo sitayarudia hapa.

Bwana Salum alikuwa amekaa, mikono magotini, mnyonge kabisa. "Jamani, nimetunga swali moja lina majibu mawili," akasema. "Siwezi kuwadhulumu hawa wala hawa. Mzee Kihwele, nisaidie."

Mzee Kihwele akasogea mpaka kwenye piano. "Mpisheni Dada Sekela," akasema. "Alipige yeye, tusikie anavyolisikia."

Mama Sekela akakaa. Akapiga do. Mi, mi. Akapanda kwenye ile sauti ya saba, mara mbili, laini, akaiachia ikielea. Hakuendelea.

Sasa, wajukuu, mnaojua muziki mnaielewa sauti ya saba. Haikai peke yake. Ni mtu aliyefika kwao, ameshika kitasa, hajasukuma. Ukiiacha hapo, kila mwenye sikio anawashwa. Ukumbi mzima ulikuwa umekaza shingo. Sekela katulia, mikono kaipakata. Nilitaka kupiga kelele. Na aliyeshindwa kuvumilia wa kwanza, sikuamini macho yangu, alikuwa Mzee Kihwele. Ilimtoka kifuani yenyewe, sauti nene ya besi:

"Do!"

Ukumbi mzima ukamfuata. "Dooo!" Soprano, alto, tenori, paroko, mchungaji, Salum aliyekuwa mnyonge, na mimi na hasira zangu. Wote sauti moja, na nyuzi za piano zikaitikia zenyewe bila kuguswa. Nilisikiliza kwa lile sikio la Mzee Mlowe, nikitafuta wau-wau. Hapakuwa na ugomvi hata kidogo. Nawaambieni nililia, na sioni haya kuwaambia.

Kisha tukacheka wote, na kicheko kilipoisha watu walibaki wamesimama. Hakuna aliyetaka kuuliza. Bwana Salum alimtazama Kihwele, Kihwele alikuwa anamtazama Mama Sekela, ambaye alikuwa ameanza kufunika piano taratibu, kwa kitambaa chake mwenyewe alichokuja nacho, akikunja pembe moja moja kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Mzee Kihwele akapitisha kiganja juu ya ule mti mwekundu. Akashika ukingo wa kushoto wa piano, akanyoosha mkono mwingine mpaka ukingo wa kulia, akakunja uso anapiga hesabu.

"Dada Sekela," akasema, "mlango wa kwako Soweto una upana gani?"

Mama Sekela alibaki na kitambaa mkononi.

"Ndaga, kaka yangu," akashukuru kwa lugha ya kwao. "Na kama haipiti, ukuta wenyewe ni wa matofali tu."